Maji ya mtaro wa skimu yanatia chumvi kijito kinachoingia Lukuledi: tuanzie wapi?

Katibu_Skimu

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mawazo ya wanaojua umwagiliaji na udongo.

Skimu yetu iko upande wa Mtama, Lindi, kwenye kijito kinachoteremka kuingia mto Lukuledi. Ni hekta 60. Masika tunalima mpunga, kiangazi kuanzia Juni mpaka Oktoba ni bustani: vitunguu, nyanya, mahindi ya kuchoma, bamia na mchicha. Mfereji mkuu ni wa udongo mtupu, kilomita 2.3 toka kwenye banio (pale tunapochepusha maji ya kijito). Maji yanayobaki yanarudi kijitoni kwa mtaro mmoja wa kutolea, upande wa chini.

Wenzetu wa chini kuelekea Mingoyo wanalalamika kwamba ikifika Agosti maji yanabadilika ladha, vitunguu vinakauka ncha na maharage yanadumaa. Tumeazima mita ya EC (inayoonyesha ukali wa chumvi kwenye maji) tukapima saa sita mchana. Vipimo ni vya dS/m:

Juu ya banio: 0.6
Mdomo wa mtaro: 3.5
Kijito, mita 300 chini ya mtaro: 1.4

Kikao kimetoa mapendekezo matatu. La kwanza, tununue jasi ya Kilwa lori mbili tumwage mashambani. La pili, tuchimbe mabwawa ya kukaushia maji ya mtaro, kama yale mashamba ya chumvi ya pwani (wapo wanaosema hata chumvi tutauza). La tatu, tupande vetiva na matete kando ya mtaro yachuje chumvi. Lipi litangulie? Fedha ni michango ya wanachama, kwa hiyo msitutajie mitambo.

fundi_banio

Katibu, kwa hali ilivyo sasa hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalostahili mchango wa mtu. Nianze na rahisi.

Vetiva na matete yanakamata tope, na mbolea iliyong'ang'ania kwenye tope. Chumvi iliyokwisha kuyeyuka inapita katikati ya mizizi kama vile majani hayapo. Tena mimea hiyo inakunywa maji na kuiacha chumvi, kwa hiyo yanayotoka upande wa pili yanakuwa machache na makali zaidi. Pandeni kwa ajili ya kushika kingo, hilo sawa.

Mabwawa: ili yakauke lazima mvuke unaopanda uwe sawa na maji yanayoingia. Huku kwetu kiangazi chukulieni milimita 5 kwa siku. Mtaro ukitoa lita 18 kwa sekunde, hiyo ni mita za ujazo 1,555 kwa siku, inayotaka uso wa bwawa wa hekta 31. Nusu ya skimu yenu! Na chumvi yake si ya kuuza. Humo mna salfeti, mabaki ya mbolea na viuatilifu, wakati chumvi ya pwani inatoka bahari safi kwa hatua, maji yakihamishwa bwawa hadi bwawa ili chokaa na jasi vitangulie kutuama. Kuna la kutisha zaidi. Kule Kesterson, California, maji ya mitaro ya mashamba yalielekezwa kwenye mabwawa ya namna hiyo, seleniamu ikajikusanya humo, na mwaka 1983 wakakuta vifaranga vya ndege wa majini wamezaliwa na vilema. Chumvi haikai peke yake.

Jasi nawaachia watu wa udongo.

Sasa tatizo la msingi. Umeleta ukali wa maji, hukuleta wingi wake. Mtaro wa EC 3.5 unaotoa lita 2 kwa sekunde si kitu. Huohuo ukitoa lita 30 ni balaa. Mto unabeba tani, na tani ni ukali mara wingi. Kabla ya kutoa shilingi, pimeni mtiririko hivi:

Chukueni bati nene au ubao, mkate pembe ya V ya nyuzi 90 kamili. Ukingo wa V uwe mwembamba, kwa hiyo kama ni ubao pigilieni bati lililonolewa upande wa juu. Lisimamisheni kukingama mtaro, mzibe pembeni na chini kwa mfinyanzi usiovuja. Maji yaanguke wazi upande wa chini, angalau sentimita 5 kati ya ncha ya V na uso wa maji ya chini. Yakizama, kipimo hakifai. Kisha, umbali wa mita 1 nyuma ya bati, chomekeni kijiti chenye alama ambayo sifuri yake iko usawa wa ncha ya V. Someni kimo hapo, sio kwenye V yenyewe, maana pale maji yanabonyea na mtapata pungufu.

Kimo sentimita 10: lita 4.4 kwa sekunde
Sentimita 15: lita 12
Sentimita 20: lita 24.7

Kwa kimo kingine: geuza kiwe mita, kipandishe kipeo cha 2.5, zidisha kwa 1,380, unapata lita kwa sekunde. Kosa la sentimita 1 kwenye kimo cha 15 linaleta kosa la karibu asilimia 17, kwa hiyo alama ziwe za milimita na msome mkiwa mmeinama, sio mmesimama.

Pimeni mchana na usiku, siku zisizopungua saba. Narudia: na usiku. Na hiyo mita ya kuazima ipimwe kwanza kwa maji ya rejea ya 1.413, isije ikawa mnagombana na majirani kwa sababu ya betri.

Pwani_Kusini

Naongeza moja kabla hamjabeba lawama zisizo zenu. Hao wa chini wanachota wapi hasa? Kama ni karibu na mikoko, huenda wanakunywa bahari. Bamvua zetu (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kiangazi mto ukiwa mwembamba maji chumvi yanapanda ndani ya mkondo. Yanatambaa chini, maji baridi yakielea juu, kwa hiyo ukipima usoni unaona mema. Fungeni chupa kwenye jiwe, kizibo kwenye kamba ya pili, izamisheni hadi chini ndipo mvute kizibo.

Pimeni mahali pamoja mara nne: maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, kisha kujaa na kupwa wakati wa maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo). EC ikicheza na mwezi, hiyo ni bahari. Ikitulia vilevile wiki nzima na kupanda polepole kuanzia Julai, hiyo inatoka mashambani. Mkiweza kulipia maabara, ombeni kloridi na salfeti tu. Kwenye maji ya bahari kloridi ni mara 7 ya salfeti kwa uzito. Uwiano ukiwa chini sana ya hapo, chumvi inatoka kwenye udongo wenye jasi.

Mfinyanzi

Na hapo kwenye udongo wenye jasi ndipo swali la lori mbili linapojibika. Ukanda wa pwani toka Lindi mpaka Kilwa umekaa juu ya matabaka mazito ya mfinyanzi na mwamba laini ulioshuka chini ya bahari ya kale. Jasi ya Kilwa yenyewe imetoka kwenye matabaka ya bahari ya kale vilevile. Maana yake chini ya shamba lenu kunaweza kuwa na ghala la chumvi la tangu enzi na enzi, na kila tone linalopita eneo la mizizi linashuka humo na kutoka na mzigo.

Jasi inatibu udongo wa magadi, yaani udongo ambao sodiamu imeshika chembe za mfinyanzi mpaka zinatawanyika na maji hayapenyi. Haitibu chumvi. Jasi ni chumvi! Mkiimwaga kwenye udongo usio na magadi mtakuwa mmeongeza tani kadhaa za mzigo zinazokwenda mtoni, tena kwa nauli ya lori.

Kujua kama mna magadi hakuna gharama. Chukua donge kavu la ukubwa wa harage, liweke taratibu ndani ya glasi ya maji ya mvua, usitikise. Likikaa au likimomonyoka huku maji yakibaki maangavu, hakuna magadi. Baada ya dakika 10 mpaka saa 2 ukiona wingu la maziwa limelizunguka, magadi yapo. Rudieni kwa udongo wa sentimita 0–15 na 30–45, maana mara nyingi juu ni salama na chini kumeharibika. Ikitokea yapo, ndipo mpeleke sampuli kupima sodiamu. Kwa kila sentimoli 1 ya sodiamu kwa kilo ya udongo inayotakiwa kuondolewa ndani ya kina cha sentimita 30, jasi safi ni takriban tani 3.6 kwa hekta. Mtaona lori mbili kwa hekta 60 ni kama kunyunyiza chumvi kwenye sufuria ya harusi.

Kwa chumvi ya kawaida pimeni hivi: gramu 20 za udongo mkavu uliotwangwa, mililita 100 za maji ya mvua, tikisa dakika kadhaa, acha itulie nusu saa, pima EC ya maji ya juu. Zidisha kwa 14 kama ni mchanga, 9 au 10 kama ni tifutifu, 7 kama ni mfinyanzi. Jibu ndilo la kulinganisha na uvumilivu wa mazao: maharage huanza kuumia ikipita 1.0, vitunguu 1.2, mahindi 1.7, nyanya 2.5, mpunga 3.0, kunde 4.9, mtama 6.8. Nazungumzia mtama zao, wa Mtama mji wasinune.

Katibu_Skimu

Nimerudi baada ya siku tisa. Donge limebaki na maji maangavu, juu na chini. Jasi imefutwa, wajumbe wawili wamenuna.

Wa chini wanachotea mbali na mikoko, na EC haibadiliki na bamvua. Kwa hiyo ni sisi.

Bati la V limewekwa. Wastani wa siku saba: mchana kimo sentimita 16.4, EC 3.5. Usiku (tumepima saa nne na saa kumi alfajiri) kimo 18.7, EC 2.7. Banioni tunachukua lita 60 kwa sekunde, kijito kinabaki na 38. Kwa nini usiku mtaro unaongezeka wakati hakuna mtu shambani?

fundi_banio

Kwa sababu hakuna mtu shambani, Katibu.

Kimo cha 16.4 ni lita 15, cha 18.7 ni lita 21. Chukua zile 15 za EC 3.5, changanya na lita 6 za maji ya mfereji ya 0.6, unapata 21 za EC 2.67. Ndiyo namba yenu. Usiku lita 6 za maji safi zinatoka mferejini, zinapita kwenye kiwanja cha mtu aliyeacha mlango wazi, moja kwa moja mtaroni. Zibeni, lakini nawaambia mapema: hilo halitapunguza hata kilo moja ya chumvi mtoni, maana maji hayo yaliingia na chumvi yake na yanatoka nayo. Faida yake ni kwamba kipande cha kijito kati ya banio na mtaro hakitanyongwa, na vipimo vyenu vitaeleweka.

Sasa hesabu yenyewe. EC 1 ni takriban miligramu 640 za chumvi kwa lita.

Inayoingia: 60 × 0.6 × 640 = gramu 23 kwa sekunde, tani 2.0 kwa siku.
Inayotoka: wastani wa mchana na usiku, gramu 35 kwa sekunde, tani 3.0 kwa siku.

Tani 1 kila siku hamkuichukua kijitoni. Ni ile ghala aliyoitaja Mfinyanzi. Unaweza kuhakikisha kwa njia nyingine: toa yale maji ya usiku, zinabaki lita 57 zilizomwagilia na 15 zilizotoka. Kama mimea ingekunywa maji tu ikaacha chumvi, ukali ungepanda mara 3.8, toka 0.6 mpaka 2.3. Mnapima 3.5. Tofauti hiyo mara lita 15 inarudi kwenye tani 1 ileile.

Hii ndiyo sababu Marekani kwenye bonde la mto Colorado, baada ya sheria yao ya mwaka 1974 ya kudhibiti chumvi, kazi kubwa imekuwa kusakafia mifereji na kubadilisha umwagiliaji kwenye mabonde yaliyokaa juu ya mwamba wa bahari ya kale, kama Grand Valley. Ule mtambo mkubwa wa kusafisha maji ya mitaro kule Yuma ulikamilika 1992 na umefanya kazi vipindi vifupi tu. Kuzuia maji yasishuke kwenye chumvi ni rahisi kuliko kuyasafisha yakishashuka.

Kwenu maji yanashuka kwa njia mbili: kupitia sakafu ya mfereji na kupitia viwanja. Mfereji uzungumzwe sasa, viwanja atakuja mwenye kujua.

Msisakafie kilomita 2.3. Tafuteni kipande kinachovuja. Zuieni mita 50 kwa mifuko ya mchanga iliyotandikwa nailoni, jazeni maji, wekeni kijiti, subirini saa 3. Tuseme uso wa maji una upana wa mita 1.2 na umeshuka sentimita 6: hiyo ni mita za ujazo 3.6, sawa na lita 0.33 kwa sekunde kwa mita 50. Rudieni kila panapobadilika udongo. Kwa kawaida sehemu fupi ya kichanga ndiyo inayokula karibu yote.

Hapo mna njia mbili. Mfinyanzi ulioshindiliwa: chimbeni sentimita 30 zaidi, rudisheni mfinyanzi wenye unyevu (ukiufinyanga mkononi unashika bila kunata) kwa matabaka mawili ya sentimita 15, kila moja lishindiliwe mpaka kisigino hakiachi alama. Funikeni kwa sentimita 10 za changarawe, vinginevyo ng'ombe na majembe ya kusafishia yataulima wote kwa msimu mmoja. Njia ya pili ni mawe na saruji, mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, kiungo cha kupanukia kila mita 3. Kinachoharibu sakafu nyingi ni mfinyanzi mweusi wa chini, ambao masika unavimba na kiangazi unapasuka na kuvunja zege kama biskuti. Mkiukuta huo, ondoeni sentimita 20 mkajaze moramu kwanza. Na saruji ikikauka bila kumwagiliwa siku saba, mmejenga chujio.

Mama_Matuta

Viwanja nachukua mimi.

Lita 60 kwa hekta 60 ni milimita 8.6 kwa siku. Bustani kiangazi inataka kama 5. Ukitaka kusukuma chumvi isijikusanye kwenye mizizi ya vitunguu kwa maji ya 0.6, ziada inayohitajika ni asilimia 11, kwa hiyo 5.6. Nyanya ni asilimia 5 tu. Nyie asilimia 26 inapita chini.

Kinachosababisha ni zamu ya siku saba. Mizizi ya kitunguu iko ndani ya sentimita 30. Tifutifu hapo inashika milimita 45 hivi, na kitunguu hakitaki upunguze sana. Mkulima anayejua maji yatarudi baada ya wiki anafurika milimita 60 kwa woga. Siku ya pili yale yasiyoshikwa yameshazama, siku ya tano kitunguu kina kiu. Mnapoteza maji na mazao kwa pamoja. Zamu ya vitunguu na mchicha iwe siku 3 au 4, milimita 18 mpaka 22 kila mara. Nyanya na mahindi yaliyokomaa yakae siku 6, mizizi yao iko chini zaidi.

Ili mfereji wa matuta uweze kutoa kidogo hivyo, uwe mfupi, mita 30 mpaka 40 kwenye kichanga, na usizidi 60 kwenye tifutifu. Maji yakimbie haraka mpaka mwisho: mlango ukatwe yakifika robo tatu ya urefu, yaliyobaki humo yatamalizia. Ukisubiri yafike mwisho na kujaa, mwanzoni yameshashuka mara mbili ya haja.

Miche ipandwe begani mwa tuta, sio kileleni. Chumvi inapanda na unyevu na kukaa juu kabisa, ule unga mweupe. Matandazo ya nyasi au makuti yaliyokatwa yanapunguza huo upandaji na kupunguza kiu pia.

Wenye dripu (umwagiliaji wa matone): kichujio cha meshi 120, na laini zifunguliwe mwisho kila wiki. Chumvi inajikusanya pembeni mwa duara lililolowa. Ikija mvua ya kwanza ya Novemba msizime dripu kwa furaha, mvua ndogo inaisukuma chumvi ile kurudi kwenye mizizi na miche inakufa siku ya pili. Acheni dripu ifanye kazi wakati mvua inanyesha, mpaka ipite kama milimita 50.

Mfinyanzi

@Mama_Matuta naafikiana nawe, isipokuwa hiyo asilimia 11. Kwa kwetu hata hiyo ni nyingi kiangazi. Kanuni ya kusukuma chumvi imetungwa kwa nchi zisizopata mvua ya kutosha. Lindi tuna masika moja ndefu, Desemba mpaka Aprili, ya milimita mia tisa hivi. Maji ya kina cha sentimita 30 yakipenya taratibu yanaondoa karibu asilimia 80 ya chumvi kwenye sentimita 30 za udongo. Mvua inaosha bure, na inaosha wakati Lukuledi imejaa, chumvi ileile isimwumize mtu.

Kwa hiyo kiangazi acheni chumvi ijilimbikize kidogo, muitoe masika. Pimeni udongo kwa ile njia ya gramu 20 mwishoni mwa Oktoba. Vitunguu vikiwa vimevunwa, hata ikifika 3 haina mtu wa kumwumiza. Kabla ya mvua kuvunja, limeni kukata gamba la juu na mfunge kingo za majaruba, ili mvua ipenye badala ya kuteleza.

fundi_banio

Hapo Mfinyanzi umegusa kiini, na kinahitaji kitu kimoja mtaroni: kisanduku cha vibao. Ni kuta mbili za zege zenye mfuo, mnateremsha vibao kimoja juu ya kingine kuinua kimo cha maji ya mtaro. Kiangazi vibao vinakaa, mtaro unavuta kidogo, chumvi inabaki ardhini. Mto ukijaa vinatolewa.

Tuone yote yakijumlishwa yanaleta nini. Tuseme mmezuia ya usiku, mmeziba kipande kinachovuja, zamu zimefupishwa, mtaro umeshuka toka lita 15 mpaka 7, na magugu ya kando ya mfereji yameondolewa, banioni mnachukua 45. Ghala la chini nalo litatoa karibu nusu ya mwanzo. Mtaro utasoma 5.2! Msishtuke, na muwaambie wa chini wasishtuke, maana watakuja na mita zao. Kijito chini ya mtaro kitashuka toka 1.4 mpaka 1.1.

Haijatosha. Hizo lita 7 zigawanyeni: 4 ziinuliwe kwa pampu ndogo, zichanganywe nusu kwa nusu na maji ya mfereji zipate EC ya karibu 3, zimwagilie mtama na kunde kwenye hekta 15 za chini, zile ambazo hata sasa zina unga mweupe. Kwa maji ya 3, udongo utatulia kwenye 4.5 hivi, chini ya kikomo cha kunde na mbali na cha mtama. Kijito sasa kinasoma kama 0.85. Kwa aliye chini: maji ya 1.4 yalikuwa yanamla asilimia 14 ya vitunguu na 21 ya maharage. Kwa 0.85 ni kama 1 na 5.

Hekta hizo 15 ndizo zitakazobeba mzigo, kwa hiyo masika ndizo za kwanza kufungiwa majaruba na kuoshwa. Mwaka ambao mvua imekuwa haba, zisimwagiliwe maji ya mtaro msimu unaofuata.

Mambo ya karatasi, kwa ufupi: mnahitaji kibali cha kutumia maji toka Bodi ya Maji Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, na mkibadili kiasi cha kuchukua au kuweka kizuizi mtaroni waambieni kwanza. Na viwanja vya bustani vilivyo ndani ya mita 60 za kijito, sheria ya mazingira ya 2004 haiviruhusu. Hilo litaibuliwa siku mtakapokaa na hao wa chini, bora mlimalize wenyewe.

Katibu_Skimu

Nimechapisha hesabu nimebandika ofisini. Hiyo ya kisanduku imekubalika. Vipimo vya kisanduku je, na vibao viinuliwe mpaka wapi? Mtaro wetu una kina cha mita 1.5 na upana wa chini sentimita 60.

fundi_banio

Upana wa ndani sentimita 60, mfuo wa sentimita 6 kwa vibao vya unene wa 5, mbao ngumu, kila kimoja kimo sentimita 15. Ukuta wa zege uingie kwenye kingo zote mbili angalau mita 1 na chini ya sakafu nusu mita, bila hivyo maji yatachimba njia ya pembeni wiki ya kwanza. Upande wa chini pangeni mawe mita 2.

Vibao vitatu tu, yaani sentimita 45. Maji ya mtaro yatakuwa mita 1.05 chini ya uso wa kiwanja. Msizidishe. Maji ya chini yakipanda karibu kuliko mita 1, tifutifu inayavuta juu kama utambi wa taa na kiwanja cha jirani wa mtaro kitakuwa cheupe kabla ya Septemba. Chomekeni bomba la plastiki lenye matundu, mita 2, katikati ya kiwanja cha chini kabisa, mpime maji ndani yake kila Ijumaa. Yakifika mita 1 kutoka uso wa kiwanja, toeni kibao kimoja.

Vibao vyote vitolewe Desemba kijito kikiwa na maji mara 10 ya mtaro, sio kabla. Virudishwe mpunga ukishakaushwa kwa ajili ya kuvuna. Na vifungwe kwa mnyororo na kufuli, mbao ngumu za sentimita 5 hazikai mtaroni muda mrefu bila kugeuka kitanda cha mtu.

Mama_Matuta

Ufunguo akae nao mpima maji, sio mwenyekiti. Mwenyekiti ana kiwanja karibu na mtaro?

Katibu_Skimu

Anacho. Nimekuelewa, mama.